Maswali na majibu: Amplifaya ya gari inaposumbua

Nimefunga amplifaya kwenye IST. Nikikanyaga mafuta spika zinapiga mluzi, nikiachia unashuka. Nimeshauriwa ninunue amplifaya nyingine. (Msomaji, Tegeta)

Hela yako itunze kwanza. Mluzi unaofuata mwendo wa injini chanzo chake ni altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, na mara nyingi sana huingilia kwenye ethi mbovu, yaani waya wa hasi unaobanwa kwenye bodi. Fungua uone waya huo umebanwa wapi. Wengi huubana kwenye boliti ya siti, juu ya rangi. Kwangua bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae, bana kwa boliti, halafu paka grisi juu yake, maana hewa yetu ya pwani haikawii kuleta kutu. Waya uwe mfupi, nusu mita hivi, na unene wake ulingane na wa chanya. Mluzi ukibaki, zima mfumo, chomoa nyaya za sauti zinazotoka kwenye redio, uwashe tena. Ukinyamaza, zihamishie nyaya hizo upande wa pili wa gari, mbali na waya mkubwa wa betri.

Taa nyekundu inawaka, sauti hakuna. (Mbagala)

Chomoa nyaya zote za spika. Taa ikizima, ama kuna waya unaogusa bodi, ama sabufa zimeizidi nguvu amplifaya: mbili za omu 4 (kipimo cha ukinzani) zikiungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya nyingi zikiungwa kwa daraja, yaani chaneli mbili kufanywa moja, hazikubali chini ya omu 4.

Haiwaki kabisa, fyuzi ni nzima. (Kimara)

Pima waya wa rimoti, ule unaotoka kwenye redio kuiamrisha amplifaya iwake, kwa kawaida wa bluu wenye mstari mweupe. Redio ikiwa imewashwa usome kama volti 12. Usiuunge moja kwa moja kwenye betri, utaamka asubuhi gari haliwaki.

Fundi amesema fyuzi ya kwenye betri si lazima, amplifaya ina yake. (Temeke)

Hapana, ndugu yangu! Ya kwenye amplifaya hulinda amplifaya; ya kwenye betri hulinda waya mkubwa unaotoka kwenye betri na gari zima. Waya huo hupenya chuma cha mbele ya dereva, na kila tuta unasuguliwa. Ganda likichubuka ukagusa bodi, betri itauchemsha mpaka zulia lishike moto, hata gari likiwa limezimwa. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na tundu livishwe mpira. Leo hii ung'oe waya huo kwenye betri, usiurudishe kabla fyuzi haijawekwa.