Mchumba anasema nina gundu, eti kwasababu kioo kimevunjika

"Shangazi shikamoo. Mchumba wangu kaahirisha harusi mara tatu. Kwanza tarehe iliangukia 13 akasema nuksi, ya pili bundi kalia juu ya paa, juzi nilikuwa nachukua kitana kioo chake kikaanguka (msumari ulilegea, alishaahidi kuupigilia), akasema hiyo ni miaka saba ya mikosi na huenda mi ndo nina gundu. Nimeanza kuamini. Nifanyeje? Ni mimi, Gundu."

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo jina ulilojiita lifute leo leo.

Sikucheki, na mimi jicho la kushoto likicheza asubuhi huwa nasita kidogo kabla sijapokea simu, na umri wote huu. Ila hiyo 13 anayoiogopa, Italia wao wanaiogopa 17, China na Japani ni 4 maana ikitamkwa inafanana na neno kifo, sasa mkosi gani huo unabadilisha namba kila ukivuka mpaka? Bundi naye, Waathene wa kale walimchora kwenye sarafu zao, alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa hekima. Huyo wa juu ya paa lenu alikuwa anawinda panya tu. Na kioo, gundu la nani hapo, la mwenye kitana au la mwenye nyundo?

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, mwaka 1948 aliandika habari za njiwa wake. Aliwaweka na njaa yao kwenye vizimba, chakula kinaletwa kila baada ya muda uleule, njiwa afanye asifanye. Basi mmoja akawa anazunguka kizimbani, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona ya juu, yani chakula kilimkuta anafanya hivyo akajua ndo dawa yenyewe. Na chakula kinakuja kweli! Kwahiyo kila siku njiwa anapata ushahidi. Sasa mchumba wako ndo huyo, anaahirisha, hakuna baya linalotokea, anasema unaona, tumeponea chupuchupu. Akiahirisha mara 20 atakuwa na ushahidi wa mara 20.

Kinachonipa wasiwasi ni kingine. Mtu anayeogopa mkosi hukimbilia kutafuta siku nyingine iliyo njema, huyu wako katafuta? Kwenye barua sijaiona. Mi nahisi anaogopa ndoa yenyewe, labda hela labda majukumu, na kusema bundi kalia ni rahisi kuliko kusema naogopa, hata sio lazima awe mtu mbaya. Lakini kutoka kwa bundi mpaka kukupa wewe gundu, hapo kavuka mpaka, maana kesho akikosa kazi ni wewe, mtoto akiugua ni wewe, na kioo ndo kilikuwa mwanzo.

Mkalishe chini, simu zikae mbali, muulize hivi: tuseme hakuna ishara yoyote duniani, wewe unataka kunioa lini? Ukishauliza nyamaza, usimsaidie kujibu hata akikaa kimya robo saa. Akitaja, mwache achague namba inayomtuliza roho, iwe 7 iwe 8, hiyo sio vita ya kupigana. Ila neno gundu asilirudie tena, hata kwa utani, na mwambie hivyo ukimtazama usoni. Akianza kuzungukazunguka kama yule njiwa, basi tarehe ya nne usiipange wewe, niandikie tena tuongee mengine, maana hapo itakuwa sio habari za bundi.

Kioo nunua kingine, na huo msumari pigilia mwenyewe.