Nani Alikuona Ukizaa? Barua kwa Mwanangu Douglas

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla sijawafungulia kuku. Nimeelewa. Wenzako wa hospitalini huko Lanarkshire wamekwambia kwamba Douglas ni jina la makabaila wa Uskoti, watu wa ngome na ngao, na mmoja akataka kujua wewe wa Taita umelipata wapi. Sasa mkeo ana mimba ya miezi saba, mnatafuta jina la mtoto, nawe unaniuliza: "Mama, jina hili ni letu, au nimevaa nguo ya mtu?"

Nitakujibu kirefu, maana swali hili lilinikuta mimi kabla halijakukuta wewe.

Jina ni la babu yako, baba yangu mzazi. Alipewa siku ya ubatizo. Mwalimu wa dini aliwasomea vijana majina, na baba akachagua hilo kwa sababu lilimkaa vizuri mdomoni. Hakuna aliyemweleza maana yake, naye hakuuliza. Kisha mwaka 1963, mimi nikiwa msichana wa miaka 15, redio ya jirani ikaanza kulitaja jina lake kila jioni. Waziri mkuu wa Uingereza aliitwa Alec Douglas-Home, na ndiye aliyekuwa madarakani usiku ule wa kuamkia tarehe 12 Desemba tulipopata uhuru. Baba alisimama uani akasema, "Basi mwenye jina langu ndiye anayetuaga." Nilicheka wakati ule. Bwana huyo Douglas-Home nitamrudia, maana ukoo wake unaingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma.

Lenyewe jina ni maji. Kwa lugha ya kale ya Wagaeli wa huko, ni kijito cheusi, na kijito chenyewe bado kinapita hapo Lanarkshire, si mbali na unapofanya kazi. Watu waliitwa kwa maji waliyokuwa wakinywa, kama kwetu. Lakini mabwana wakubwa hawapendi asili ya kijito. Ukoo ulipokwisha kuwa na nguvu, ikatungwa hadithi kwamba zamani sana, katika karne ya 8, mfalme alikuwa karibu kushindwa vitani, akajitokeza mtu asiyejulikana akaigeuza vita. Mfalme akauliza ni nani aliyefanya hivyo, akajibiwa, "Sholto, yule mtu mweusi!" Eti hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kwenye hati, mwanaukoo wa kwanza anaonekana karne 4 baadaye, mwishoni mwa karne ya 12, akishuhudia maandishi ya watu wengine tu. Lishike hilo la hati na la kushuhudia.

Aliyelipa jina sifa ni Sir James, rafiki wa mfalme Robert Bruce wa Uskoti. Inasimuliwa kuwa mwaka 1307, Jumapili ya Matawi, aliwavizia askari wa Kiingereza waliokuwa wameikalia ngome ya baba yake, akawakamata kanisani, akamwaga nafaka na mvinyo wote kwenye sakafu ya ghala, akawachinja mateka juu yake na kuichoma ngome yake mwenyewe. Waskoti walimwita James Mwema. Waingereza walimwita Douglas Mweusi, na kina mama wa mpakani wakawabembeleza watoto kwa wimbo wa kusema nyamaza, nyamaza, Douglas Mweusi hatakupata. Bruce alipofariki mwaka 1329, James alibeba moyo wa mfalme kwenye kijaluba akielekea vita vya dini, akauawa Teba, Hispania, mwaka 1330. Ndiyo maana ngao yao ina moyo. Kaburi lake liko katika kanisa la Mtakatifu Bride, kijijini Douglas. Nenda ukaone siku ukiwa na mapumziko.

Baada yake ukoo ulinenepa hadi wafalme wakauogopa. Mwaka 1440 Earl wa Douglas, yaani kabaila mkuu wa ukoo huo, kijana wa miaka kama 16, na mdogo wake, waliitwa kula chakula katika ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme aliyekuwa na miaka 10. Hadithi inasema kililetwa mezani kichwa cha fahali mweusi, alama ya kifo. Kichwa cha fahali huenda kilitiwa na wasimulizi, ila kwamba watoto wale wawili walitolewa mezani wakakatwa vichwa, hilo ni kweli. Na mfalme yuleyule alipokua, mwaka 1452, alimwita Earl mwingine wa Douglas katika ngome ya Stirling kwa hati ya usalama, akamchoma kisu kwa mkono wake. Mgeni, mwanangu! Mtu aliyeingia kwa ahadi! Nikisoma hapo nafunga kitabu.

Mimi mashujaa hawanishiki sana. Kilichonishika ni kwamba jina hili, kila lilipopanda jukwaani na kila lilipofika mahakamani, lilifuatwa na mama anayemtafuta mwanawe.

Tarehe 14 Desemba 1756, Edinburgh, ulionyeshwa mchezo wa kuigiza wa tanzia ulioitwa *Douglas*. Mtunzi, John Home, alikuwa kasisi wa parokia ya Athelstaneford, na alikuwa ameshaupeleka London ukakataliwa. Mchezo unamhusu Lady Randolph, aliyeolewa kwa siri na kijana wa ukoo wa Douglas wakati koo zao zina uhasama. Mume anauawa vitani, mtoto anakabidhiwa yaya atoroshwe usiku wa dhoruba, na habari inayomrudia mama ni kwamba wamezama mtoni. Anaolewa na bwana mwingine, anaishi miaka mingi akimlilia mtoto asiyeweza kumtaja. Kumbe mchunga kondoo mmoja alimwokota mtoto majini ndani ya kikapu, pamoja na vito vya mama yake, akamlea kama wake. Kijana anatokea akiwa mtu mzima, hajijui, anasimama mbele ya mabwana na kusema bila aibu kwamba jina lake ni Norval na baba yake anachunga kondoo milimani Grampian.

Maneno hayo yalikaririwa na watoto wa shule vizazi na vizazi. Nadhani najua kwa nini. Ni kijana anayesimama na jina la aliyemlea, mbele ya watu wanaopima binadamu kwa ukoo.

Mama anavitambua vile vito, anamtambua mwanawe, na furaha yao haifiki hata siku mbili. Fitina ya mtu mmoja inamfanya Lord Randolph aamini kwamba kijana ni hawara wa mkewe. Wanakutana gizani mama na mwana, kijana anachomwa upanga, na mama anajirusha kutoka jabalini.

Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza mtu mmoja alipiga kelele kati ya watazamaji, "Yuko wapi sasa Shakespeare wenu?" Mimi Shakespeare simtoi kwenye kiti chake, na mwenye kusoma mchezo huo leo ataona unazidisha machozi. Lakini nauelewa ukelele ule. Watu walikuwa wamechoka kuambiwa lililo zuri linatoka London tu. Kanisa nalo lilikasirika. Kasisi kuandika mchezo! Makasisi waliokwenda kutazama waliwekwa kitimoto, na Home akaacha ukasisi mwaka 1757.

Sasa nisikilize vizuri. Miaka 3 kabla ya usiku ule wa Edinburgh, katika mji uleule, alikuwa amefariki mama wa kweli wa ukoo huo. Jina lake Lady Jane Douglas, dada wa Duke wa Douglas. Kaka yake hakuwa na mtoto. Jane aliolewa kwa siri mwaka 1746 na Kanali John Stewart, mtu wa madeni, wakahamia Ulaya bara. Julai 1748, akiwa na miaka 50, ikasemwa kwamba amejifungua pacha wa kiume mjini Paris, Archibald na Sholto. Kaka yake hakuamini, akamkatia posho. Mume akafungwa kwa deni. Mwaka 1753 Jane aliwachukua watoto wake akawapeleka hadi ngome ya Douglas wakamwone mjomba wao, na mlango haukufunguliwa. Sholto alikufa mwaka huohuo, akiwa hajafika miaka 5. Mama yao naye akafa mwaka haujaisha.

Hapo mlangoni nimesimama naye mara nyingi.

Yule Duke alibadilika karibu na kufa, kwa kusihiwa na mkewe. Alipofariki mwaka 1761 mali yote ikaenda kwa Archibald, kijana wa miaka 13. Walezi wa Duke wa Hamilton, mtoto mwingine aliyetazamia urithi ule, wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa moja: mwanamke wa miaka 50 hazai, basi watoto wale walinunuliwa Paris, mmoja kwa mfanyakazi wa vioo, mwingine kwa mcheza juu ya kamba. Wakapeleka watu Ufaransa kuhoji wenye nyumba za kulala wageni, nani alilala wapi, nani aliona damu, nani alisikia mtoto akilia. Majaji wa Uskoti walikuwa 15. Mwaka 1767 wakagawanyika 7 kwa 7, na rais wao, Robert Dundas, akapiga kura ya kumkataa kijana. Rufaa ikapanda hadi Bunge la Malodi mjini London, na Februari 1769 hukumu ikapinduliwa. Archibald akatambuliwa kuwa mwana wa mama yake. Edinburgh iliwasha taa za shangwe, na vioo vya madirisha ya majaji waliomkataa vikavunjwa. Baadaye alipewa ulodi wake mwenyewe, na ardhi zile zikapita kwa mjukuu wake wa kike aliyeolewa katika ukoo wa Home. Ndiko alikotoka yule waziri mkuu wa redioni. Yaani aliyekuwa akituaga mwaka 1963 alitoka katika uzao wa mtoto aliyewahi kuambiwa kwamba mama yake si mama yake.

Haya sasa, mwanangu. Hili sijawahi kukusimulia lote.

Wewe ulizaliwa nyumbani mwaka 1991, usiku wa mvua, barabara ya Wundanyi imekatika. Nilikuwa na miaka 43. Dada zako walikuwa wameshamaliza shule. Hukuandikishwa, kosa ni langu na baba yako, tulisema kesho, kesho ikawa miaka 18. Ulipotaka kitambulisho ikahitajika cheti cha kuzaliwa, nikaenda ofisini peke yangu, wewe ukiwa shuleni. Karani alihesabu miaka yangu kwa kalamu, akaniangalia, akasema, "Mama, sema ukweli, huyu si mtoto wa binti yako?" Nikamwambia nimemzaa mimi. Akauliza mbele ya foleni yote, "Nani alikuona ukizaa?"

Nilikuwa mwalimu wa miaka 30. Nimefundisha watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vile. Sikuwa na jibu. Nilitoka nikakaa chini ya mwarobaini nje, na siku ile mlango wa ngome ya Douglas niliujua ulivyo.

Nilirudi mara 4. Ya mwisho nilikwenda na yule bibi mkunga wetu, tukampandisha matatu na fimbo yake, hakuona vizuri tena. Karani alipomuuliza alijuaje, bibi hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi ndiye niliyemkata kitovu. Kitovu chenyewe nimekizika chini ya mgomba ulio nyuma ya jiko lake. Njoo nikuonyeshe." Karani aliinamisha kichwa akaanza kuandika. Bibi akaweka dole gumba lake kwenye hati ya kiapo, akaniambia nimfute wino kwa leso yangu.

Kwa hiyo ukiulizwa tena hapo kazini umelipata wapi jina, waambie umelipata kwa Douglas bin Mwakio, mkulima, aliyelibeba miaka zaidi ya 60 bila kumchoma mtu kisu. Wenyewe walilichukua kwa kijito. Babu yako alilichukua kwa mwalimu wa dini. Hakuna aliyelitoa tumboni.

Kuhusu mtoto, mimi sichagui. Mkeo ana wazee wake na majina yao, msikilize kwanza. Mkimwita Douglas nitafurahi kwa ajili ya baba yangu. Mkimwita jina jingine nitalijifunza. Ila siku ileile atakayozaliwa, mwanangu, usisubiri kesho, mwandikishe.

Ile hati yenye dole gumba la bibi nimeitoa kwenye sanduku la bati, nimeipiga picha, utaiona kwenye simu yako. Wino umefifia pembeni lakini mistari ya kidole bado inasomeka. Yenyewe nakaa nayo hapa hadi mtakapokuja naye.

Mama yako