Alhamisi Baada ya Alasiri: Kushona Nguo za Ijumaa Nyumbani

Kanzu haichaniki kabatini. Huchanika ikivaliwa, na mara nyingi huchanika msikitini: mtu ameinuka kutoka sujudu huku goti limekanyaga pindo la mbele, kikasikika kile kijisauti ambacho safu nzima hujifanya haikukisikia. Kisha kanzu hufuliwa, hupigwa pasi, hutundikwa, na hakuna anayekumbuka pindo hadi Ijumaa saa sita u nusu, adhana iko karibu na sindano haijulikani iliko.

Ndiyo maana kazi hii iwekwe Alhamisi baada ya Alasiri. Mwanga bado upo, watoto wamerudi kutoka shule, na toka saa kumi na robo mpaka saa kumi na moja u nusu nyumba ya watu sita inamaliza nguo zake bila haraka. Tandikeni mkeka mahali penye upepo na dirisha, leteni kopo la biskuti lenye uzi na sindano, kila mtu aje na nguo yake mkononi. Nguo zije zimefuliwa. Jasho lililokauka hukaza kitambaa, na mshono uliopita juu yake hulegea baada ya kufua.

Hapa kwetu adui wa kwanza wa kopo hilo ni hewa ya bahari. Sindano iliyochomekwa kwenye sponji au pamba wazi hupata kutu upesi, na sindano yenye kutu huacha alama ya kahawia kwenye kanzu nyeupe. Zifungeni ndani ya kitambaa kikavu kilichopakwa tone moja la mafuta ya cherehani, na kabla ya kushona nguo nyeupe zifuteni vizuri. Alama ikishaingia na nguo ni ya pamba nyeupe, kamulieni ndimu, nyunyizeni chumvi, anikeni juani saa moja, kisha suuzeni mpaka ndimu iishe yote. Nguo ya rangi msiijaribu namna hiyo. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, msiiguse kwa kutu, huifanya alama ishike zaidi.

Uzi ukatwe urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, yaani kama sm 45. Mrefu zaidi ya hapo hujipindapinda na kufunga mafundo, na anayeshona huulaumu uzi. Upitisheni kwenye mshumaa mara mbili ili uteleze. Kwa nguo ya pamba tumieni uzi wa pamba. Uzi wenye nguvu kuliko kitambaa hautakatika wenyewe, utakata kitambaa, na kuziba tundu ni taabu kuliko kushona upya mshono uliofumuka.

Pindo lililoachia lianzwe sm 2 kabla ya pale lilipofumuka, juu ya mshono ulio mzima, na limalizwe sm 2 mbele yake. Likunjeni upya na kulipiga pasi kwanza, halafu shoneni kwa ndani: sindano iguse nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha nje, ipite kwenye mkunjo, iende nusu sentimita, irudie. Msiuvute uzi kwa nguvu, kitambaa kitakunjamana na kila mtu ataona. Kila baada ya sm 10 wekeni fundo dogo la kufunga. Siku kidole cha mguu kitakapoingia tena, kitafumua sm 10, si pindo zima.

Kwapani ndipo penye kazi. Pale kitambaa hakichaniki tu, huoza kwa jasho na marashi, kwa hiyo ukishona mpasuko wenyewe kwa wenyewe utachanika tena pembeni baada ya wiki mbili. Kiondoeni chote kilicholegea na mtie kipande cha mraba. Kateni pamba nyeupe ya sm 10 kwa 10, iliyofuliwa na kukaushwa kwanza, kwa sababu kitambaa kipya hurudi, yaani husinyaa, kikifuliwa na kitaivuta kanzu. Fumueni mshono wa chini wa mkono sm 8, na mshono wa ubavuni sm 8, kuanzia pale inapokutana kwapani. Pembe moja ya mraba ielekee kwenye mkono, pembe ya mkabala ielekee kiunoni, na zile mbili zilizobaki ziguse mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili, mbele na nyuma. Pigeni bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikiza, mwambie mwenye kanzu ainue mikono kama anayefunga takbira, mtazame kama inavuta. Ikikaa sawa, shoneni kwa mshono wa kurudi nyuma, sm 1 kutoka ukingoni. Penye pembe rudieni mara tatu; pembe ndizo hufumuka mwanzo. Pasi ya mwisho ipigwe juu ya kitambaa chenye unyevu.

Wako wanaoona haya kwenda msikitini na kanzu yenye kiraka. Aya ya 31 ya Sura Al-A'raf inataja kwa pamoja kuchukua pambo kila msikitini na kutofanya israfu, kwa hiyo kiraka kishonwe vizuri hadi kiwe sehemu ya pambo. Kiraka kibaya, huo ni uvivu, na hauna uhusiano na umasikini.

Na kazi hii asiachiwe mama peke yake. Bi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Mvulana wa miaka minane anaweza kifungo cha shati la shule: uzi maradufu, mara nne kila jozi ya tundu, kijiti cha kiberiti kati ya kifungo na shati, kisha akitoe na kuzungusha uzi mara tatu shingoni mwa kifungo. Bila ile nafasi ya kijiti kifungo hubana na kukata kitambaa. Watoto wadogo watunge sindano, macho yao bado makali, na bibi awakosoe. Hapo ndipo maneno yake mengi hutoka, kwa kuwa mikono ina shughuli na hakuna anayetazama simu.

Baba apewe makubadhi. Atoboe kwanza kwa msharasi, ashone kwa uzi uliopakwa nta wenye sindano mbili, moja kila mwisho, zote zipite tundu moja kutoka pande mbili. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili unashika.

Kofia ya viua ishughulikiwe na mwenye subira kuliko wote. Kila kiua, yaani kitundu kilichodariziwa, kilichoanza kufumuka kizungushiwe uzi mweupe kwa mishono iliyobanana, na kifanywe mapema, kwani kimoja kikiachia huvuta jirani zake. Ikifuliwa isikamuliwe, itiwe wanga mwepesi, ikaukie juu ya kopo la ukubwa wa kichwa.

Leso mpya kutoka Biashara Street, Mombasa, huja mbili zimeungana. Kateni katikati, pindeni pale palipokatwa, na muifue peke yake mara ya kwanza kwa maji baridi maana hutoa rangi. Leso iliyochakaa ikawa nyembamba haifai tena kusalia, mwanga hupita, lakini mbili zikiwekwa mgongo kwa mgongo na kupigwa bandi kila kiganja kimoja huwa shuka la mtoto. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, libaki juu, atajifunzia kusoma.

Neti ya mbu isipigwe pasi hata kidogo, huyeyuka. Tundu likivutwa kingo na kufungwa kwa uzi linatosha.

Kabla ya kopo kufungwa, sindano zihesabiwe: zilizotoka saba, zirudi saba. Ikikosekana, pitisheni sumaku juu ya mkeka wote, polepole, na kwenye mikunjo. Mkeka huo huo ndio utakaosaliwa Magharibi, na sindano iliyopotea huwa inamngoja atakayeweka paji la uso.