Bibi Muuguzi Anajibu: Vumbi la Mabati ya Asbesto

SWALI: Shikamoo Bibi. Mume wangu ni fundi wa kuezeka hapa Morogoro. Mwaka jana yeye na wenzake walishusha mabati ya asbesto kwenye jengo la zamani, wakayavunja kwa nyundo ili yaenee kwenye lori. Mabaki alikuja nayo nyumbani, akayakata kwa msumeno akaezekea banda la kuku. Nguo zake nilikuwa nazikung'uta mlangoni kabla ya kufua, mtoto akiwa mgongoni. Sasa jirani anatuambia vumbi lile linaleta saratani. Mume wangu anasema lingekuwa na madhara angeshaugua. Je, tukapige eksirei? Na maji ya mvua tunayokinga kwenye paa hilo tuyamwage? Yeye anavuta sigara pia.
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale pa mtoto mgongoni, basi nianzie hapo. Hatari ya asbesto, yale madini ya nyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengeneza mabati hayo, hupanda kwa wingi wa vumbi na kwa miaka ya kulivuta. Vumbi la siku chache si sawa na la mtu aliyelivuta miaka kumi, kwa hiyo usilale ukilia. Lakini usikung'ute tena. Wapo wanawake waliopata saratani hii bila kukanyaga kiwandani, kisa ni kufua nguo za waume zao. Nguo za kazi hiyo avulie nje, ziloweke papo hapo kwenye ndoo, na uzifue peke yake.

Baba watoto mwambie hivi: kuwa mzima leo hakuthibitishi kitu. Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho, hazikwarui koo wala hazipigishi chafya. Zikishazama mapafuni mwili hauwezi kuziyeyusha. Mesotelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Uingereza walipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, na bado watu zaidi ya 2,000 wamekuwa wakifa huko kila mwaka kwa ugonjwa huo, kwa vumbi walilovuta zamani. Afrika Kusini, mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 kutoka upande wa migodi ya asbesto ya bluu. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Walikulia tu karibu na migodi.

Sigara haileti mesotelioma. Ila sigara na asbesto zikikutana kwa mtu mmoja, saratani ya mapafu yenyewe inamkaribia sana. Kuacha sigara ndiyo dawa kubwa aliyo nayo mkononi leo, naomba aanze nayo.

Eksirei ya sasa haitaonyesha kitu kwa vumbi la mwaka jana. Hela yake nunueni daftari. Nitakwambia kwa nini. Nilimuuguza mzee mmoja aliyetolewa maji kifuani, mekundu kama juisi ya rozela, na wiki mbili baadaye yakajaa tena. Alikuwa amemaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi sita bila nafuu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kazi yake ya ujanani, hata mimi sikumuuliza. Aliitaja mwenyewe usiku mmoja, akinihadithia walivyokuwa wakifunga mabomba ya boila na kurushiana mabonge ya ile pamba nyeupe ya asbesto kama watoto. Ndipo kikachukuliwa kipande cha utando kikapimwa. Mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo andikeni: mwaka, jengo, siku ngapi, kazi gani. Siku yoyote, hata akiwa na wajukuu, akisikia pumzi fupi, maumivu ya upande mmoja wa kifua au akikonda bila sababu, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe, "Niliwahi kuvunja asbesto."

Maji ya mvua msiyamwage kwa hofu hiyo. Hatari inayojulikana vizuri ni ya kuvuta nyuzi kwa hewa, na Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi wa kutosha kuweka kikomo cha asbesto kwenye maji ya kunywa. Lakini mtu asipande kulisugua paa hilo kwa brashi ya waya.

Banda lenyewe msilivunje kwa hasira. Bati zima lililotulia halitoi vumbi la maana. Ubaya uko kwenye kukata, kutoboa na kuvunja. Zile kingo zilizokatwa zipakeni rangi. Pale msumeno ulipopita, ambapo kuku sasa wanapekua, msifagie kwa chelewa. Mwagieni maji, kombeni udongo wa juu ukiwa tope, tieni kwenye mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwingine. Usichomwe wala usiende na taka za kawaida. Ulizeni ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, pa kuupeleka.

Kazi kama ile ikija tena, mafundi wamdai mwenye kazi maji ya kulowesha paa kabla ya kuligusa, mabati yashushwe mazima, na barakoa ziwe zile za kuzuia vumbi laini kabisa. Kitambaa cha puani hakizuii nyuzi hizo. Akikataa, waende OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kabla nyundo haijainuliwa.