Barua kwa mwanangu: kiwanja cha Chanika hakiuzwi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika saba! Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, nikaunguza vitunguu. Mambo ya maana siyawezi kwa sauti, nikianza kusema nalia au nafoka, kwa hiyo nakuandikia. Dada yako ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Umeniomba mambo mawili ukayafunga furushi moja. Uache kazi ya bohari huko Dodoma urudi nyumbani ufanye muziki tu, na tuuze kiwanja cha Chanika upate vifaa na hela ya kusukuma ngoma redioni. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe umeuza kanda kabla sijazaliwa. Niambie kweli, nitatoka?"

La kiwanja ni fupi, tulimalize. Hakiuzwi. Ni chenu watatu, na hela ya chai ya mtangazaji haina mwisho: leo unatoa wewe wimbo wako unapigwa, wiki ijayo anatoa mwenzio wako unashushwa. Nisisikie tena habari hiyo.

La kutoka, yaani kupata jina kwenye muziki, ndilo gumu. Mimi kile kibanda cha Tandika nilikaa nacho miaka tisa, na sikuwahi kujua nani atatoka. Mwaka 2001 Profesa Jay alipoachana na wenzake wa kundi la Hard Blasters akatoa kanda yake peke yake, nilichukua kumi tu Kariakoo, nikiogopa. Zikaisha kabla ya alasiri, ikabidi nipande tena daladala. Wapo niliowachukulia kanda thelathini kwa sababu muuza jumla aliapa kwa Mungu kwamba huyu ndiye, zikakaa kwenye jua mpaka utepe ukajikunja. Nyie siku hizi mnajiita andagraundi kama cheo. Enzi zetu andagraundi alikuwa mtu ambaye hajatoka, basi, na hakuna aliyejisifia.

Na usinitajie tena wanamuziki waliokuwa wabunge. Ni kweli, Sugu alichaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010, Profesa Jay akaenda Mikumi 2015, Mwana FA Muheza 2020. Lakini rafu yangu ilikuwa na majina karibu mia mbili, na waliofika Dodoma kwa kura nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wewe Dodoma tayari upo, tena kwa mshahara.

Sasa nikusimulie mmoja wa wale mia mbili. Jina lake silitaji, ana watoto.

Ilikuwa kama 2003. Kijana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, viatu vimeng'aa kuliko vya muuza viatu. Kila Ijumaa alikuwa anapita kibandani: "Mama, ngapi wiki hii?" Nikimwambia saba, anacheka mpaka anashika meza. Nikimwambia kumi na tano, ananinunulia soda. Mimi nikadhani kila kanda inamwingizia chochote. Siku moja akaja akasema anataka moja ampelekee mama yake Kilosa. Akatoa sarafu mfukoni, akahesabu kwenye kiganja, zikapungua mia mbili. Ndipo nikamuuliza. Kumbe kanda mama, ile ya kwanza ambayo nyingine zote zinanakiliwa kwake, alishaiuza yote kwa msambazaji, mara moja, kwa hela ya mkupuo, akasaini karatasi amesimama mlangoni bila kuisoma. Hata nakala yake mwenyewe hakupewa. Zile saba na zile kumi na tano alikuwa anafurahia tu kusikia.

Nilimwachia ile mia mbili. Lakini zile nyingine nilizipokea, mwanangu. Nilimuuzia mtu mali yake, na jioni ile nikafunga hesabu kama kawaida.

Juzi nimepanda daladala ya Mbagala, wimbo wake ukapigwa. Konda anauimba wote, vina kwa vina. Nikamuuliza kaimba nani, akasema, "Hizi za zamani mama, nani anajua."

Na ujue sheria ilikuwepo tayari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Niliisoma baadaye sana, yule kijana wa steshenari alinichapia nusu yake wino ukaisha. Inasema kazi ni yako tangu ulipoitunga, na haki ya kula matunda yake unakuwa nayo maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Miaka hamsini! Yule kijana aliuza vyote hivyo mlangoni, na hela yake haikufika mwezi wa tatu.

Kwa hiyo mimi sitakuuliza kama una kipaji. Nakuuliza hivi: ile ngoma mliyotoa na rafiki yako wa Kigamboni, ile yenye kiitikio kizuri, ni ya nani? Biti, ule mdundo, ya kwako, kiitikio cha kwake, beti mbili zako na moja yake. Kesho mtu akija na hela anaitaka kwa tangazo, mnagawanaje? Mmeandikiana wapi? Najua utasema yule ni kama ndugu. Ndugu ndio wanaogombana, mimi na wajomba zako tumegombania mnazi.

Nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Desemba ulipokuwa likizo, ulitundika blanketi langu dirishani, ukasimamisha godoro ukutani, ukazima feni kwa sababu inaingia kwenye maiki. Joto lile! Mimi nilikuwa chumba cha pili nachambua mchele, nawasikia. Yule mwenzio wa Yombo alikuwa anachana mistari yake ya rap anapitwa na biti, anaikimbiza kama mtu aliyeachwa na gari. Wewe hukumcheka. Ukamwambia asogee nyuma nusu hatua, ukapunguza mwendo wa biti kidogo, ukamtolea mpigo mmoja wa ngoma pale katikati apate pa kuvutia pumzi. Alipoanza upya sikuamini ni yule yule. Niliacha mchele.

Hicho hukukisema kwenye dakika zako saba. Umezungumzia kuchana tu. Kuchana unachana vizuri, lakini wachanaji mtaani kwetu ni wengi kama wauza vocha, na kila mmoja anatafuta wa kumtengenezea. Watengenezaji kama P-Funk Majani na Master J, wachanaji wangapi wamepita mikononi mwao wakasahaulika, na wao majina yao bado yanatajwa? Au tazama hapa Mburahati, Sisso wa studio na kompyuta yake na singeli zile zinazokimbia mpaka kichwa kinauma (mimi siziwezi, nisamehe). Mwaka 2017 watu wa Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, walikusanya kazi za studio ile wakazitoa, na vijana wa uswahilini wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga Ulaya.

Ila nilisikia na mwisho wa siku ile. Mwenzio anaaga: "Kaka, nitakutumia kwenye simu." Akatuma?

Hesabu yako mwenyewe hii hapa. Umesema mwaka huu umetengeneza biti 14, kila moja shilingi 40,000. Hiyo ni 560,000. Waliolipa ni tisa, yaani 360,000. Chumba chako cha Nkuhungu ni 50,000 kwa mwezi. Biti za mwaka mzima zimekulipia miezi saba na chenji ya umeme, hujala. Wale watano wana 200,000 zako na ngoma zao ziko YouTube zinachezwa. Mimi kibandani mtu asiyelipa hakuondoka na kanda. Wewe unampa mtu kazi iliyokamilika halafu unasubiri simu ilie. Mpe ya kuonja, yenye jina lako linaitwa katikati, akilipa ndipo umpe safi.

Na kuna mistari yako miwili ambayo dada yako anaiimba akifua, nami nimeishika:

"Nimelala na njaa, nimeamka na vina,
Mwenye nyumba anataka kodi, hapokei jina."

Uliandika mwenyewe, halafu unaniuliza mimi.

Basi sikia. Kazi ya bohari usiache sasa. Siku biti zitakapokulipia kodi miezi mitatu mfululizo, kwa hela iliyoingia mkononi na siyo ya "nitakutumia," acha, njoo, wala usiniage mara mbili. Kula utakula hapa. Kile chumba cha uani nakupa. Nimeanza kutoa magunia ya mkaa, na fundi amesema ukuta wa upande wa barabara tukiuongezea plasta kelele za bajaji zitapungua. Plasta nalipa mimi. Maiki nunua mwenyewe, kwa deni la wale watano.

Ukija nunua daftari, lile gumu lenye mistari ya hesabu. Kila ngoma ukurasa wake: nani katunga nini, nani anapata ngapi, sahihi, tarehe. Uanze na wa Kigamboni. Akikataa kusaini utakuwa umejua mapema.

Babu yako anakusalimia. Anasema ile ngoma yenye jogoo anaipenda kwa sababu ya jogoo, hajui kama aliingia kwa bahati mbaya. Jirani amemchinja Idi, kwa hiyo hata alfajiri sasa unaweza kurekodi.

Mama yako