Bei yangu ilikuwa ndogo kuliko zote, mbona nimeondolewa?

SWALI: Zabuni za serikali zilipofunguliwa, bei yangu ndiyo iliyokuwa ya chini kabisa. Sasa barua inasema nimeondolewa kwa sababu dhamana yangu ya zabuni, ile ahadi ya benki ya kulipa nikijitoa, imepungua siku 10. Hawakupaswa kuniita nirekebishe?

JIBU: Hapana, na wangekuita wangeharibu zabuni nzima. Bei husomwa siku ya ufunguzi, lakini hupimwa mwishoni, baada ya ukaguzi wa nyaraka na tathmini ya kiufundi. Mwenye bei nzuri na dhamana mbovu hafiki huko.

Siku hizo 10 aghalabu hupotelea benki. Tuseme zabuni inatakiwa iwe hai kwa siku 90 tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia hutaka dhamana iendelee siku 28 zaidi, yaani 118. Benki ikiandika "siku 118 kuanzia leo", na leo hiyo ni siku 10 kabla ya tarehe ya mwisho, basi 10 zimeshaliwa. Mtego mwingine ni pale taasisi nunuzi, yaani ile iliyotangaza zabuni, inaposogeza tarehe mbele, mzabuni akabaki na dhamana ya zamani. Itake benki iandike tarehe kamili ya kuisha, nawe uihesabu upya kila tangazo la mabadiliko linapotoka.

Kwa nini hairekebishwi? Kwa sababu dhamana ndiyo inayokufunga. Ukiruhusiwa kuirekebisha baada ya kusikia bei za wenzako, utabaki ukiona faida, na usipoiona utajitoa bure. Wenzako hawana hiari hiyo.

SWALI: Kwenye mchanganuo wa bei niliandika 4,500 kwa kipimo kimoja, idadi 200, jumla 90,000. Ipi itashika?

JIBU: Itakuwa 900,000. Katika nyaraka hizo hizo, bei ya kipimo kimoja huishinda jumla, isipokuwa pale inapoonekana wazi kwamba nukta ya desimali imekaa pasipo pake kwenye bei hiyo. Ukikataa sahihisho, zabuni yako inatupwa. Ukilikubali, nafasi ya kwanza uliyodhani unayo huenda imeshakwenda kwa mwingine.

SWALI: Naona nimeonewa. Nina muda gani wa kulalamika?

JIBU: Mfupi, na hauhesabiwi tangu siku uliyokasirika. Angalia tarehe uliyotumiwa taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yaani ile inayotaja anayekusudiwa kupewa mkataba. Katika miradi ya Benki ya Dunia yenye kipindi cha kusubiri kabla ya mkataba kusainiwa, kipindi hicho ni siku 10 za kazi, na ombi la kuelezwa sababu lifike ndani ya 3 za mwanzo. Barua itaje kifungu kilichokiukwa. Habari ya bei yako ndogo haitakusaidia. Na kama kinachokuuma ni sharti lenyewe la zabuni, umeshachelewa: sheria ya mfano ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa) ya 2011 inataka lalamiko la namna hiyo lifike kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha zabuni.