Usiyafukue mayai ya ng'amba

Ndugu yangu, umeuliza iwapo uyafukue mayai ya ng'amba (aina ya kasa wa baharini) uliyoyaona ufukweni Misali, kisiwa cha hifadhi karibu na Pemba, kwa kuwa kaa wameanza kuchimba kando ya kiota. Nakusihi usiyaguse, kwa maana saa chache tu baada ya kutagwa kiinitete hujishikiza juu ndani ya ganda, na yai likigeuzwa huweza kufa; isitoshe, joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe majike au madume. Kaa watapata chache, lakini ng'amba hutaga mayai zaidi ya 100 kwa kiota. Ninaloliogopa zaidi ni bamvua, yaani maji makuu ya bahari, yasije yakakifunika kiota: kikiwa chini ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji yalipojaa, waite walinzi wa hifadhi leo hii, waamue wao.